Mtoto wa Kofia ya Njano

Inspekta Sindano alipofika kwenye geti la hospitali ya wilaya, umati ulikuwa umeshasikiliza kesi, umeshahukumu, na sasa ulikuwa unanyeshewa na mvua ukisubiri kukabidhiwa mhukumiwa.

"Afande, tuletee tu huyo nesi," alisema mwanamume mmoja mwenye gongo, kwa upole wa mtu anayempunguzia mwenzake kazi. "Karatasi utajaza baadaye."

"Ahsante kwa kunifikiria. Hilo gongo ni lako au la kuazima?"

"Langu."

"Basi lishike vizuri. Likimgusa mtu nalichukua kama kielelezo cha mahakamani, na vielelezo vyetu huwa havirudi."

Wawili watatu wakacheka. Gongo likashuka mpaka usawa wa goti, na Inspekta akapenya katikati yao na mwavuli wake uliovunjika ubavu mmoja.

Jina la Sindano alipewa na washtakiwa wenyewe. Maswali yake, walisema, yanaingia kwanza, maumivu yanafuata ukiwa umeshafika nyumbani. Sindano za kweli alikuwa akiziogopa kupita kiasi, na alipopita mlango wa chumba cha kufungia vidonda aligeuzia macho ukutani. Konstebo wake, jamaa mrefu ambaye hata mke wake alimwita Ngongoti, aliliona hilo, akajifanya anasoma bango la kunawa mikono.

Matroni, mkuu wa wauguzi wote pale, aliwapokea barazani. Alikuwa mwanamke mpana mwenye saa iliyobanwa kwenye sare kifuani, na alieleza mambo kama anayesoma chati ya mgonjwa. Mtoto wa kiume, njiti, kazaliwa juzi kwa upasuaji kabla miezi haijatimia. Alfajiri mama yake alianza kutoka damu, akarudishwa chumba cha upasuaji. Mtoto akabaki kwenye kitanda cha joto. Umeme ukakatika. Jenereta lililopo linatosha chumba cha upasuaji peke yake, kwa hiyo nesi wa zamu, peke yake na tochi yenye betri zinazokufa, akawatoa watoto kwenye vitanda vya joto akawagawa kwa akina mama na ndugu wa kuwabeba. Kulipopambazuka, mmoja hayupo.

"Na getini wanasema nesi kamuuza," alisema Inspekta.

"Getini wanasema mengi. Mimi nina wasiwasi na kitu kimoja. Mtoto wa ukubwa ule akikosa joto, afande, halii. Anapoa tu, kimya kimya, kama kikombe cha chai ulichokisahau."

"Kwa hiyo hatuna siku nzima."

"Hatuna hata asubuhi nzima."

Walimvika Inspekta joho na barakoa, wakamwingiza wodini.

Alitegemea kelele. Wodi yenye watoto wachanga, alijua, ni kama soko lililoshika moto. Hii ilikuwa kimya. Wanawake walikuwa wamekaa vitandani wameegemea mito, barakoa usoni, macho tu nje, na kila mmoja alikuwa amejifunga kitambaa kipana kilichombana kuanzia mabegani mpaka kiunoni: huyu chekundu, yule cha zambarau, wa pembeni cha kijani. Inspekta alitafuta watoto vitandani asiwaone. Kisha kitu kama kifundo cha sufu nyekundu, chini tu ya kidevu cha mama wa kwanza, kikapiga mwayo.

Akasimama pale pale.

"Sogea, afande, haumi," alisema yule mama, akavuta ukingo wa kitambaa.

Ndani, juu ya ngozi tupu ya kifua chake, alilala mtu. Hakuna neno jingine. Alikuwa mdogo kuliko mkate wa dukani, ngozi yake nyembamba kama utando wa kitunguu, lakini kila kitu kilikuwepo: nyusi, sikio lililolazwa juu ya moyo wa mama yake, na ukucha. Inspekta aliutazama ule ukucha kwa muda mrefu. Alikuwa ameshaona maiti mtoni na majambazi darini, na hakuna hata mmoja aliyemfanya avue kofia. Sasa aligundua kofia yake iko mkononi.

"Anafanya nini?" aliuliza, na sauti ilitoka ndogo kuliko alivyokusudia.

"Anakua, afande."

Matroni alimwacha apumue, kisha akamweleza utaratibu, na hapo sauti yake ilipanda ngazi moja. Kila kitanda kina rangi yake. Kitambaa cha mama rangi hiyo, kofia ya mtoto rangi hiyo hiyo. Wanawake wakishavaa barakoa wote ni sura moja, na gizani nesi hana muda wa kuuliza wewe ni nani. Anatazama kofia, anatazama kitambaa, anamfunga mtoto, anaenda kwa mwingine.

"Nilibuni mwenyewe," alisema. "Haijawahi kukosea."

"Na aliyepotea?"

"Kofia ya njano. Kitanda cha dirishani."

Kitanda cha dirishani kilikuwa kitupu. Juu ya mto, kitambaa cha njano kilikaa kimekunjwa, mikunjo ya pasi imesimama kama ukingo wa meza. Inspekta akakiinua, akakinusa, akakirudisha kilivyokuwa.

Nesi alikuwa kwenye stoo ya mashuka, Ngongoti amesimama mlangoni. Alikuwa msichana mdogo, na mikono yake ilikuwa inakunja shuka, inalikunjua, inalikunja tena.

"Ulimpa nani?"

"Mama yake mdogo."

"Ulimwona uso?"

"Alikuwa na barakoa. Alisimama dirishani, karibu na kitanda. Mgonjwa ana mdogo wake anayemuuguza, nikajua ni yeye."

"Alisema nini?"

"Hakusema kitu. Alifungua mikono."

"Ulijuaje ni wa kitanda kile?"

"Alikuwa amevaa kitambaa cha njano, afande. Nilimfungia mtoto mwenyewe, hapa." Akagusa kifua chake. "Fundo nilipiga mimi."

"Kitambaa cha njano kipo kitandani. Hakijakunjuliwa."

Shuka likaanguka. Nesi alimtazama kama mtu aliyeambiwa nyumba aliyotoka asubuhi haijawahi kujengwa.

Mama mdogo wa mtoto, yaani mdogo wake yule mama aliyekuwa chumba cha upasuaji, alikuwa barazani, kanga imelowa, sauti imekauka kwa kupiga kelele tangu asubuhi.

"Mimi sijaingia humo ndani," alisema. "Muulize mlinzi. Alinizuia getini, eti saa za kuona wagonjwa bado. Dada yangu anamwagika damu, mimi naambiwa saa bado. Sijampokea mtoto, sijavaa kitambaa, sijui rangi yake. Huyo binti anajua alipompeleka."

"Dada yako ana watoto wangapi, bibie?"

"Huyu." Alimeza mate. "Huyu tu. Wengine hawakufika. Daktari kasema baada ya leo hatabeba tena. Akiamka aniulize mtoto, nimwambie nini? Wewe nisaidie maneno, una cheo."

Inspekta akaenda getini.

Mlinzi aliitwa Kufuli, na alikuwa anajivunia jina.

"Tangu umeme ukatike, nani ametoka?"

"Hakutoka mtu na mzigo ambao sijaupekua. Vikapu nimefunua. Mabegi nimefungua. Chupa moja ya chai nimeimwaga."

"Chupa ya chai, Kufuli?"

"Afande, watoto wa wodi ile umewaona ukubwa wao?"

Hapo Kufuli alikuwa na hoja. "Na mtu asiye na mzigo?"

Kufuli akajikuna shingo. "Mjamzito mmoja. Alikuwa anakwenda mbio kweli kweli. Tumbo sikulipekua."

Ngongoti akarukia pikipiki. Umati ulisikia neno 'mjamzito', na kabla pikipiki haijafika kona ulikuwa umeshaongeza kwamba tumbo lilikuwa la mto. Inspekta alimsubiri kwenye kibanda cha mlinzi, akitazama maji yakifanya mifereji uani. Ngongoti alirudi ameloa mpaka kope.

"Tumbo ni la kweli, afande."

"Umejuaje?"

"Limenipiga teke." Hakumtazama usoni. "Wanawake wa sokoni wamenishika mkono wakaniwekea. Wakasema nihakikishe mwenyewe nisije nikarudi tena. Alikuwa anaukimbia huu umati, basi."

"Umeandika?"

"Nimeandika 'imethibitishwa'."

Inspekta alirudi wodini, akamvuta Matroni mpaka kitanda cha dirishani.

"Tuchukulie hakuna anayedanganya," alisema.

"Haiwezekani. Mmoja anasema nimempa, mwingine anasema sikupokea."

"Mama mdogo alikuwa getini, Kufuli anamshuhudia. Nesi anasema kamfunga mtoto kwenye kitambaa cha njano. Kama ni uongo, ni uongo wa mtu mvivu: kitambaa kinachomuumbua kiko hapa juu ya mto, na alikuwa na muda wote wa kukificha. Hakukigusa, kwa sababu hana habari kama kipo. Amekiona kingine. Vitambaa vya njano viko vingapi?"

"Kimoja. Kila rangi kimoja, nimeshakwambia."

"Hiki bado kinanuka duka, Matroni. Hakijawahi kulaliwa na mtoto. Cha zamani kiko wapi?"

Matroni akakaa kwenye ukingo wa kitanda, jambo ambalo, kwa jinsi wale wanawake walivyogeuka kumtazama, halikuwa limewahi kuonekana.

"Aliyekuwa kitanda hiki kabla," alisema taratibu. "Alimbeba wa kwake kifuani wiki nyingi. Alikuwa anakaribia kuruhusiwa. Halafu homa ikamchukua mtoto, asubuhi tu, kabla ya mchana. Mama aliondoka hapa na kitambaa kikiwa bado mwilini. Hatuwadai waliofiwa, afande. Nikashona kingine."

"Ukanyamaza."

"Nikasahau. Nilifikiri kitambaa kimekwenda, basi."

Inspekta alikuwa ameshafika mlangoni. Matroni alimfuata mpaka getini, ambako walimkuta Kufuli akibishana na watu watatu kwa wakati mmoja.

"Yule aliyefiwa, wa kitanda cha dirishani. Amekuja leo?"

"Yule? Ndiyo. Alfajiri. Kasema anarudisha kitu cha wodi."

"Na hukunitajia."

"Yule si mgeni, afande, ni wa humu humu. Halafu uliniuliza nani katoka." Kufuli alionekana kuumia kidogo. "Huyo hajatoka."

Konstebo alianza kupiga hatua kuelekea vyooni, kwenye kona, popote. Inspekta akamshika mkanda.

"Tulia. Usitafute mtu, tafuta joto." Akamgeukia Matroni. "Yule mama anajua mtoto kama huyu anataka nini?"

"Wapya nilikuwa nawapeleka kwake wakajifunze. Hakuna aliyebeba kama yeye."

"Haya. Umembeba mtoto wa baridi. Umeme hakuna, nje mvua, na getini watu wameanza kuulizana nani ana mafuta ya taa. Unakwenda wapi?"

Matroni alitazama nyuma ya jengo, ambapo bomba la bati lilikuwa linatoa moshi mnene kwenye mvua.

Hospitali ile ilichemsha mashuka yake kwa kuni. Dobi, mzee mkavu mwenye mikono iliyoiva kwa maji ya moto, alikuwa amesimama nje ya mlango wa chumba chake cha kufulia, chini ya ukingo wa bati, mikono nyuma.

"Shikamoo, mzee," alisema Inspekta.

"Marahaba, afande," akajibu kwa kunong'ona.

"Mbona unanong'ona?"

"Koo."

"Pole. Ndani kuna nani?"

"Mashuka."

"Mashuka mangapi, maana moshi huo ni wa kuoga jeshi zima?"

Dobi alimtazama, akamtazama Matroni, akatega sikio kuelekea getini, ambako sauti zilikuwa zinapanda. "Mtaniahidi kwanza," alinong'ona. "Mkimtoa humu mkamkabidhi kwa wale, mimi leo nyumbani sina uso wa kwenda nao."

"Wale hawapewi mtu yeyote. Hata wewe, ingawa umemdanganya askari."

"Sijadanganya. Mashuka yamo." Akasogea.

Joto liliwapokea kama mkono. Sufuria kubwa ya chuma ilikuwa inachemka juu ya moto, mvuke umejaa mpaka darini, na kwenye ukuta uliopata joto, juu ya marobota ya nguo safi, mwanamke alikuwa amekaa ameegemea. Hakusimama. Hakushtuka. Kitambaa cha njano kilikuwa kimepauka kwa kufuliwa, na chini ya kidevu chake kilichomoza kifundo cha sufu cha rangi ile ile, lakini kipya.

"Karibuni," alisema. "Fungeni mlango, joto linatoka."

Matroni alipiga magoti. Alipitisha kipimajoto chini ya kitambaa, akasubiri, akakitoa, akakisoma, akakifuta kwenye sare yake akakirudisha tena. Aliposoma mara ya pili alimpa Inspekta, ambaye alikishika kama anayekabidhiwa yai.

"Inasemaje? Mimi sijui kusoma hii."

"Inasema joto lile tunalolitafuta kwa mashine," alisema Matroni, "na mara nyingi hatulipati."

Inspekta aliinama. Alijua angepaswa kuanza na swali. Mtoto alikuwa amelala uso pembeni, mdomo wazi, na kila mwanamke yule alipovuta pumzi, mtoto naye alipanda, alipotoa, akashuka. Pumzi zake mwenyewe zilikuwa ndogo na za haraka, kisha moja ikachelewa. Inspekta akahisi moyo wake umesimama kuisubiri. Kidole cha mwanamke kikasugua mgongo wa mtoto mara moja, bila yeye hata kutazama, na pumzi ikaja.

"Anasahau," alieleza. "Wote wa umri huu wanasahau. Unamkumbusha tu."

"Tangu alfajiri?"

"Tangu alfajiri."

"Kwa nini ulikivaa kitambaa, mama, kama ulikuja kukirudisha?"

"Nilijaribu kukibeba mkononi. Kilikuwa kizito." Alisema bila kulalamika. "Nikasimama dirishani nivue. Taa zikazimika. Sista akaja mbio, akamtia hapa, akafunga, akaondoka."

"Ulijua si wako."

"Wangu nilimzika mwenyewe, afande. Nilijua."

"Na hukusema."

"Alikuwa wa baridi. Nikasema nitasema akishapata joto. Nikamleta kwa mzee, moto ulikuwa umewaka." Akatazama kikombe kidogo kilichofunikwa kwa kitambaa kando yake. "Mzee alinichemshia kikombe. Nimemkamulia, amelamba matone. Maziwa yangu hayajapata habari kwamba hakuna wa kuyanywa."

Dobi aligeukia moto akaanza kuchochea kuni zisizohitaji kuchochewa.

"Na alipopata joto?"

"Nikasikia wanataka kumchoma mwizi wa mtoto." Kwa mara ya kwanza alimtazama Inspekta machoni. "Nikaona mwizi ni mimi. Mama yake yuko hai?"

"Yuko hai," alisema Matroni. "Wamemaliza kumshona. Bado hajaamka."

"Basi nipelekeni. Nimshike mpaka atakapoamka, halafu mfanye mnachotaka."

Hakukuwa na njia nyingine ya kurudi wodini isipokuwa kukatiza uani. Dobi alitoa shuka kwenye waya wa juu ya moto, la moto moto, akamfunika mwanamke mabegani. Ngongoti akaenda mbele, na urefu wake kwa mara ya kwanza ukawa na faida. Inspekta alishika mwavuli juu yao, yeye mwenyewe akiloa.

Walikuwa katikati ya ua mtu alipopiga kelele kwamba huyo hapo. Geti likalia. Kufuli alijitahidi, lakini watu walimwagika ndani kama maji yaliyovunja kingo, na mbele yao wote alikuwa mama mdogo.

"Ndiye huyu?" aliuliza, akihema.

"Huyu ndiye kitanda cha joto cha mwanenu tangu alfajiri," alisema Inspekta, akitumia sauti ambayo huwa anaiweka kwa ajili ya majambazi. "Nesi alimkabidhi kwa makosa ya kitambaa. Hakuna aliyeuza, hakuna aliyeiba. Anayetaka kugombana ana mimi, na mimi leo nimeloa."

Mama mdogo alikuwa hasikii. Alikuwa ameona kofia. Mikono yake ilienda yenyewe.

"Ukimtoa hapo atapoa," alisema Matroni. "Umeme haujarudi, dada yako hajaamka. Lakini wewe ndiye mwenye mtoto sasa. Sema."

Mama mdogo aliingiza vidole viwili chini ya kitambaa, akagusa mguu.

Kikatoka kilio. Kilikuwa chembamba, cha kukwaruza, kama bawaba ya mlango wa nyumba ya wanasesere, na hakikuwa na nguvu ya kufika hata upande wa pili wa chumba. Lakini waliokuwa mbele walinyamaza ili wakisikie, na wa nyuma yao wakanyamaza kujua wa mbele wamesikia nini, na ukimya ukarudi nyuma mtu kwa mtu mpaka getini. Mvua peke yake ilibaki inaongea. Mwanamume mmoja mtu mzima, ambaye muda si mrefu alikuwa anauliza mafuta ya taa, alikuwa amefunga macho.

"Vidole vyako vya baridi, mama mdogo," alisema mwanamke, kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya wodini.

Mama mdogo aliutoa mkono kama aliyeungua. Akautia kwapani, na wa pili akautia kwapa lingine, akasimama hivyo mbele ya watu wote, amejikumbatia.

"Mpeleke ndani," alisema. "Mpeleke upesi. Mimi nitakuja nikishapata joto."

Umati ukaachia njia. Walipopita, mtu akavua koti akalitandaza juu ya mwavuli pale ubavu ulipovunjika.

Mlango wa wodi ulipofungwa, Inspekta alibaki barazani akikamua kofia yake. Ngongoti alitoa kalamu, akaipuliza maji.

"Niandike nini, afande?"

"Andika amepatikana. Halafu kamtoe yule binti stoo, wodi nzima inamsubiri."

"Mshtakiwa?"

"Hakuna."

"Mlalamikaji?"

Inspekta alitega sikio mlangoni. Ndani, kile kilio chembamba kilikuwa bado kinaendelea, kwa hasira ya mtu aliyeamshwa bila sababu.

"Yupo mmoja," alisema. "Acha nafasi. Ana mengi ya kusema huyo."